Wiki ya Malolo

Jumatatu ile Bibiana alikuwa hajamaliza kumenya tangawizi pale baa ya Hoteli ya Mbuga, Mikumi, ilipogeuka meli. Sakafu ilianza kuyumba, chupa zikagongana rafuni, na nje ya madirisha, mahali ambapo jana yake palikuwa na barabara ya Zambia na malori yake, pakawa na bahari. Bibiana alilizuia bakuli la ndimu kwa kiwiko lisianguke, akaendelea kumenya. Wiki iliyopita baa ilikuwa jangwa, na kabla ya hapo ilikuwa theluji. Bahari haikumpa tabu. Angalau haikuingia kwenye sukari kama mchanga.

Utaratibu huo uliletwa na meneja, ndugu Theodory, aliyerudi masomoni ng'ambo na tai za kutosha na wazo moja. Watalii, alisema, hawaji Mikumi kutazama twiga tu. Jioni wanataka kukaa mahali penye sura, na sura ikizoeleka vinywaji havinunuliwi. Basi kila Jumatatu baa ilibadilishwa sura, na kila sura ilikuwa na kokteli zake na chakula chake. Bibiana alichanganya vinywaji, Mathias alipika. Wiki ya meli walitoa Dhoruba, yaani konyagi, tangawizi na maji ya ndimu, vyote vikitikiswa hadi vitoe povu, pamoja na kambale wa kukaanga aliyeitwa papa kwa heshima ya bahari. Watu walitoka Morogoro kwa ajili ya kambale huyo, wakalamba vidole, wakarudi makwao.

Mushkeli ulikuwa kwenye kurudi. Wageni walipita mlangoni viatu vikavu, wakaenda kwenye magari yao. Meneja naye alipita, maana mlango ule uliheshimu tai. Lakini mfanyakazi akiufungua aliikuta sura ya wiki: theluji ikiwa theluji, maji yakiwa maji. Wakati wa theluji Mathias alijaribu kwenda kumwona mkewe Kilosa. Alirudi masikio yamekakamaa, na Bibiana akawa anampaka mafuta ya nazi kila asubuhi mpaka yalipolainika. Ndugu Theodory alisikitika sana, akasema hilo ni suala la kiutaratibu na litaangaliwa. Mpaka meli inakuja lilikuwa bado linaangaliwa. Wafanyakazi walilala stoo, juu ya magunia ya viazi, na mishahara yao ikaenda nyumbani kwa mikono ya madereva.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Bibiana aliivumilia kamba yake kama wenzake. Jambo moja tu lilimla moyo. Alimwacha mwanawe Teresia kule Malolo kwa bibi yake, meno ya mbele yakiwa yameanza kulegea. Sasa Cleopa, dereva wa lori aliyezoea kusimama pale kunywa soda, alimwambia kwamba meno mapya yameshaota, makubwa kama ya sungura, na kwamba Pasaka mtoto atapokea komunyo ya kwanza. Bibiana alimpa Cleopa fedha za kitambaa cheupe akipeleke. Kitambaa kilifika. Yeye mwenyewe hakutaka kingine duniani ila kukaa kwenye benchi la kanisa la Malolo siku hiyo, amwone mwanawe akipiga magoti. Alilitaka hilo mpaka likamnyima usingizi, akawa anakosea vipimo, na mgeni mmoja akapewa Dhoruba isiyo na konyagi ndani yake. Hakulalamika, lakini hakurudi tena.

Kwaresima ilipokaribia kwisha, meneja alimfuata kaunta.

"Ndugu Bibiana, wakubwa wa shirika letu la hoteli wanakuja kula Pasaka hapa. Meli wameshaichoka. Wanataka kitu cha siasa yetu, cha kijamaa kabisa. Huna wazo?"

"Kijiji," alisema Bibiana.

"Kijiji kipi?"

"Malolo. Kwetu, bwana meneja."

"Ndugu meneja."

"Ndugu meneja."

Theodory alifurahi, akavuta kiti. Baa haikuweza kuvaa sura isiyosimuliwa. Meli aliisimulia yeye kutoka kwenye magazeti, jangwa alilitoa sinema, lakini vijiji hakuvijua, na kile alikozaliwa alikuwa amekisahau kwa bidii. "Haya, nieleze," alisema. "Kwenu kuna nini?"

Hapo ndipo Bibiana alipokosea. Alikuwa amejipanga vizuri: ataje nyumba, uwanja, shamba, njia ya mtoni, kisha njia ya kanisani, na hii aitaje hatua kwa hatua, kwa sababu ndiyo aliyokusudia kuifuata. Mlango ukifunguka Malolo, yeye angevua aproni akaenda zake. Lakini kwao mtu akiulizwa nyumbani kuna nini, haanzi na vitu. Utaulizwaje habari za kwenu ukajibu vichanja vya vyombo? Akasema kuna mama yake, Generoza, ambaye ana kikohozi cha asubuhi lakini sauti yake inavuka mto. Akasema kuna mwanawe, Teresia, anayelala amekunja ngumi na kula vitunguu vibichi kama maembe. Alipokwisha kuanza hakuweza kuacha. Alisimulia jinsi wawili hao wanavyogombania blanketi na wanavyocheka, akasimulia mpaka machozi yakamtoka, na meneja akaitikia kwa kichwa kila neno. Kisha simu ikalia ofisini, meneja akanyanyuka, akasema inatosha.

Jumatatu ya Wiki Kuu baa ikawa Malolo. Kaunta ilibaki palepale. Mbele yake palikuwa na uwanja uliofagiliwa, jiko la mafiga matatu, vitunguu vimetandazwa kukauka, na nyuma ya nyumba kipande cha shamba. Bibi Generoza alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua kunde. Teresia alikuwa amesimama pembeni yake na gauni jeupe ambalo pindo lake lilikuwa bado lina pini.

"Umenenepa," Generoza alimwambia binti yake. "Chakula cha hoteli kimekukubali."

"Ni viazi, mama."

Teresia alijificha nyuma ya bibi yake, maana hakuwa na hakika. Kisha alitoka taratibu, akaushika mkono wa Bibiana, akaunusa. Ulinuka ndimu. Sijui mkono wa mama aliukumbuka kwa harufu gani, lakini baada ya kuunusa hakuuachia tena, na Bibiana alikaa chini kwenye vumbi la uwanja akalia kwa furaha, bila aibu, mbele ya wageni wa mwanzo waliokuwa wanaulizia meza.

Alipomaliza kulia alisimama. Alimkamata mwanawe mkono huu na mama yake mkono huu, wakatoka. Walifuata njia ya mtoni, wakapita zizi la mbuzi la jirani, wakakata kona kwenye miwa, wakaingia jikoni, ambako Mathias alikuwa anakaanga viazi.

"Umesahau ndimu?" Mathias aliuliza.

Walitoka tena kwa upande mwingine, kutafuta kanisa. Kanisa halikuwepo. Bibiana hakuwa amefika kulisimulia. Njia ilipotoka uwanjani ilizunguka nyumba, ikawarudisha kwenye kaunta, na mtalii mmoja mwenye kofia pana aliwaomba wazunguke mara nyingine ili awapige picha.

"Tusubiri," alisema Bibiana. "Jumatatu ijayo sura itabadilika, nyinyi mtarudi nyumbani."

"Na komunyo?" aliuliza Teresia.

Bibiana alisema Mungu ni mwelewa, ingawa wakati huo hakuwa na hakika na hilo hata kidogo.

Kesho yake Cleopa alisimamisha lori akaingia kunywa soda. Alimsalimia Generoza kwa heshima zote, asishangae kumkuta, ila alimvuta Bibiana kando.

"Dada, jana nimepita kwenu. Pale pa mama pamebaki kiwanja kitupu. Hata mafiga hayapo."

"Jumatatu watarudi."

"Warudi wapi? Mwenyekiti wa kijiji kawaambia watu kwamba mama yako kahama kwa hiari, kaitikia wito. Wamempigia makofi. Shamba lililobaki keshapewa mwingine, na jana hiyohiyo alikuwa anapanda."

Bibiana alimfungulia soda ya pili bila kuulizwa, kwa kuwa mikono yake ilihitaji kazi.

Wakubwa wa shirika walikuwa wamefika tangu Jumatatu, na Generoza aliwapokea kama inavyompasa mwenye mji. Hakujali kaunta wala bei. Aliwapa vigoda vizuri, akawapikia kuku kwa karanga, ugali wa mtama na mlenda, na Bibiana akawachanganyia togwa na konyagi na asali, katika vibuyu. Walikula siku ya kwanza wakasifu. Walikula siku ya pili wakafungua vifungo. Siku ya tatu asubuhi Generoza aliingia ndani, akatoka na majembe, akamkabidhi kila mmoja lake.

"Mgeni siku mbili, wanangu," alisema. "Ya tatu ni jembe. Shamba lile pale."

Alikuwa na maana yake, wala si mzaha. Mwanamke yule aliamini kwamba mtu mzima akishalima shamba lako hawezi tena kukufanya pambo lake. Wakubwa walitazamana, wakapiga makofi kwa furaha. Walikunja mikono ya mashati, wakalima tuta moja lililopinda, wakapokezana kamera. Mkuu wao, ndugu Donati, alipata lengelenge kwenye kiganja, akaliwekea barafu.

"Theodory," alisema akijifuta jasho, "hii ndiyo siasa yenyewe. Watu wanaizungumza, nyinyi mmeitekeleza. Usiibadilishe tena."

"Kabisa, ndugu?"

"Kabisa. Na ile ya jembe iwe kila Jumatano."

Bibiana alikuwa anapanga glasi. Alisikia kila neno. Alitaka kupiga kelele, akakuta amekwisha kuuliza kama watahitaji barafu zaidi.

Jioni meneja alipita uwanjani na trei mpya ya bati. Alikuwa na uso mkunjufu, kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Aliinama mbele ya Teresia, akacheka.

"Mgeni siku mbili, binti. Ya tatu ni jembe." Akamkabidhi trei.

Watu walicheka. Generoza, mwenye sauti ya kuvuka mto, aliingia ndani kulala kabla ya giza. Kikohozi chake siku hiyo kilianza jioni.

Siku ya Pasaka palijaa. Mathias alichinja mbuzi, na pilau ikanukia mpaka kwenye maegesho. Teresia aliamka mapema, akaoga, akavaa gauni lake, kwa sababu siku ilikuwa ni hiyohiyo hata kama kanisa halikuwepo. Bibi yake alimtoa pini kwenye pindo. Bibiana alimpangia glasi kwenye trei, chache, asielemewe, akamwonyesha meza ya ndugu Donati na wenzake.

Mtoto alivuka uwanja taratibu. Alifika mezani, akakunja magoti kidogo kama alivyofunzwa, trei ikiwa sawa mikononi.

"Shikamooni," alisema.

Watu wale walizaliwa Singida, Same na Lindi. Si kwamba hawakujua jibu. Walikuwa wanazungumza juu ya barabara. Teresia alingoja. Kwao mtoto hasimami wima wala hafanyi jambo lolote kabla hajaitikiwa, kwa hiyo alibaki vilevile, magoti yamekunjwa, mpaka glasi zikaanza kugongana kwenye trei. Mmoja alinyoosha mkono akachukua ya kwake bila kugeuka.

"Marahaba, mwanangu," aliitikia Bibiana kutoka kaunta, kwa sauti, kwa niaba yao wote.

Teresia akasimama, akawawekea glasi zao mezani.