Nyuma Bado Iko Angani

Ndege ilitua saa nne asubuhi, na abiria wa mbele wakatoka wakivuta masanduku. Wa kwanza alikuwa wakala, yule anayepeleka mabinti ng'ambo kufanya kazi za ndani. Alinukia manukato mapya na alikuwa akichokonoa meno. Bibi mmoja, amembeba mjukuu aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama dede, akamzuia njia. Binti yake, mama wa mtoto, alikuwa amerudishwa kabla ya mkataba kuisha, kwa kuwa alianza kukohoa na tajiri wake hakupenda kelele.

"Binti yangu yuko wapi? Si mlipanda ndege moja?"

"Moja, mama. Ila yeye kakaa nyuma."

"Na ndege si imeshatua?"

"Mbele imetua." Alitema kijiti karibu na miguu ya bibi. "Nyuma bado."

Ilikuwa kweli. Dirishani ndege ilionekana kuanzia pua hadi mabawa, na baada ya mabawa hapakuwa na kitu. Mafundi walikuwa wakikagua matairi yaliyokuwepo. Karani wa mapokezi alieleza, huku akitazama saa kuona kama muda wa chakula umefika, kwamba umbali kati ya viwanja hivi viwili ni uleule kwa kila mtu na safari ni ya saa nane, isipokuwa saa za viti vya nyuma ni ndefu kidogo. Imekuwa hivyo tangu litundikwe pazia la katikati.

Bibi alikuwa amekuja na chupa moja tu ya maziwa, kwa sababu aliambiwa saa nane. Akatandika shuka benchini. "Mvumilivu hula mbivu," akawaambia waliokuwa wakingoja pale tangu zamani.

Mtoto alijifunza kutembea kwenye sakafu ile inayoteleza. Meno yakaota, yakang'oka, yakaota mengine. Kusoma alijifunzia kwenye ubao wa ratiba za ndege. Wakala alipita mara kwa mara, maana mbele hufika upesi, na kila alipopita alimpa peremende iliyogandana na vumbi la mfukoni, akimpima kimo kwa macho kama mtu anayenunua mbuzi. "Anakua huyu," alisema, akilamba vidole.

Kisha asubuhi moja nyuma ikatua. Binti alitoka akijinyoosha, sura ileile, kikohozi kilekile, pakiti ya nepi kwapani.

"Mama, mbona umezeeka hivi? Mwanangu yuko wapi?"

Bibi hakuweza kuinuka, miguu ilikuwa imevimba kwa kukaa. Akaonyesha kwa kidevu upande wa kuondokea. Kwenye foleni alisimama mwanamke kijana, mrefu, pasipoti yake ikiwa mkononi mwa wakala. Binti akakimbia, akamshika mkono.

Mwanamke kijana alimtazama huyu wa rika lake mwenye nepi.

"Dada, ndiyo unafika? Pole na safari. Niangalizie bibi yangu pale, naenda kumtafutia pesa ya dawa." Akacheka kidogo, maana alikulia pale. "Wakala kasema ni saa nane tu."

Foleni ikasogea. Wakala akapita mlango wa mbele, na mwanamke kijana akaelekezwa wa nyuma.

Binti akarudi benchini, na bibi akamsogezea nusu ya shuka.