Pezi Alilokata Baba

Kinyozi jirani yetu anasema aliona kwa macho yake mawili. Alikuwa anamnyoa mteja karibu na dirisha lile linalotazama ufukweni, akamwona mama yangu amesimama juu ya ubao wake wa kuteleza, anakuja na wimbi taratibu kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake. Mara ubao ukagoma. Haukupinda, haukuzama, uligoma tu, kama punda aliyekumbuka jambo. Mama akaendelea na safari peke yake, hewani. Kinyozi anaapa kuna kitu kiliukamata ubao kwa chini, na kwamba yeye alikimbia akamtoa mama majini huku mteja amebaki na nusu kichwa.

Mama anasema alitoka majini kwa miguu yake mwenyewe, akamkuta kinyozi amesimama mchangani na mashine mkononi, viatu vikavu, anauliza kama ampigie mtu simu.

Hapo ndipo wanapopishana. Kwamba ubao uligoma, hakuna anayebisha. Lakini baba alipouliza kulikoni, huku akimsafisha mchubuko wa kidevu kwa maji ya vuguvugu, mama alisema ni uzee tu, magoti yamechoka. Akauning'iniza ubao kwenye dari ya karakana yake, akasema basi, yeye atabaki kutengeneza mbao za kuteleza za wengine.

Baba ni fundi cherehani. Bahari anaijua mpaka kwenye vifundo vya miguu. Tangu nipate akili, mama akiingia majini, baba hukaa mchangani na taulo begani na nguo ya mtu mapajani, anapiga pindo kwa mkono huku macho yakiwa kwa mkewe. Ndiyo maana mapindo ya siku za mawimbi makubwa huwa yamekwenda upande.

Chini ya ubao, mkiani, kuna pezi. Ni kama la samaki, ila hili linaelekea chini, na ndilo linaloushika ubao usiponyoke kwa ubavu. Zamani mama alikuwa akiteleza kule kwenye miamba, penye maji ya kina, wimbi linasimama wima kama ukuta. Mkia wa ubao ukawa unamtoroka. Baba akamwomba aweke pezi refu zaidi, lipate kushika. Hakuishia kuomba. Alileta karatasi yake ya kukatia na rula yake ya mpindo, ile anayochorea makwapa ya nguo, akachora pezi refu lililosimama wima, akalikata kwa ule mkasi wake ambao sisi wengine haturuhusiwi hata kuupisha mezani. Mama akalitengeneza kwa faiba, ile ya kuundia boti, akifuata karatasi, hakupunguza hata unywele. Na lilishika kweli. Kila mteja aliyekuja kupimwa aliambiwa: mke wangu anasimama pale kwa pezi nililokata mimi.

Kisha zikaja mvua, mchanga ukahama. Pale penye miamba pakafukiwa, na mawimbi yakahamia upande huu wa kwetu, mafupi, malegevu, yanayopita juu ya maji ya kiunoni yaliyojaa mwani.

Siku ile aliyoanguka mama, mimi ndiye niliyeuosha ubao kabla haujapanda darini. Nilikuta mwani umejisokota kwenye shina la pezi, umekaza kama uzi uliojifunga kwenye bobini. Nikamwonyesha. Aliutazama, akaufungua polepole, akautia mfukoni mwa gauni.

"Baba yako asijue," alisema.

Sikuhitaji kuuliza kwa nini. Baba aliwahi kumshonea mama mmoja gauni ambalo mkono ulimbana. Yule mama alicheka, akasema ni yeye aliyenenepa. Baba hakula vizuri mpaka alipolifuata gauni nyumbani kwa watu, akaufumua mkono wote, akaushona upya, na hadi leo wakikutana njiani anamtazama bega kabla ya kumsalimia. Sasa ajue kwamba pezi alilolikata ili mkewe asianguke ndilo lililomwangusha? Na mama hawezi kubadilisha pezi kimyakimya, kwa sababu baba huliangalia kila ubao unapotoka, kama mtu anavyoangalia picha yake ukutani kwa watu. Basi mama akaona afadhali awe amezeeka.

Baya zaidi, baba aliamua kwamba pezi lilikuwa fupi. Alikuja na karatasi mpya, ndefu kuliko ya kwanza, akaifungua mezani tulipokuwa tunakunywa chai. Akasema ameliongeza kidogo, huenda la kwanza halikushika vizuri. Mama akamshukuru, akaikunja karatasi ile vizuri, akaiweka juu ya kabati. Chai yake aliiacha ikapoa.

Tangu hapo mama akawa kila alasiri anakwenda kununua gundi. Gundi tulikuwa nayo tele. Nilimfuata siku moja, nikamkuta amesimama kwenye maji ya magotini, gauni amelikusanya mkononi, anayatazama mawimbi yakipita bila yeye. Alirudi akawa anapiga msasa mbao za watu bila kuimba, na mama yangu huimba hata akitafuta funguo.

Mimi si mwepesi wa kusema, lakini kukaa nikaangalia naweza. Nilikaa ufukweni nikauangalia mwani. Maji yakivuta, wote unalala upande mmoja. Kijiti kilichosimama wima unakikumbatia na hauachi. Kijiti kilicholala kuelekea unakokwenda, unateleza juu yake na kupita.

Nikachukua kipande cha faiba kilichobaki kazini, nikaanza kutengeneza pezi fupi, lenye shina pana ili liendelee kusukuma hata kwenye wimbi legevu, na ncha iliyolazwa nyuma ili mwani ushuke wenyewe. Nilijua litageuka polepole. Ubao utachora duara refu badala ya kukata kona, lakini mama siku hizi hana haraka na kona. Tuna pipa lililopasuliwa kwa urefu, tunalotumia kutafuta mbao zinazovuja. Humo ndimo nilimolijaribia, nalivuta majini likiwa na uzi wa mwani shingoni. Mara ya kwanza mwani uling'ang'ania. Nikalilaza zaidi. Mpindo ukanishinda mkono, ukawa na vijivimbe. Baba alipokwenda kunyolewa, nikaazima rula yake ya makwapa, kisha nikaifuta na kuirudisha.

Nilidhani nimeifuta.

Baba huwa haingii karakana, vumbi linamkohoza. Lakini mchana ule aliingia, rula mkononi.

"Imeshika unga mweupe," alisema. "Nikajiuliza, ni makwapa ya nani haya yanayonyolewa kwa msasa?"

Nilicheka, yeye akatabasamu kidogo tu. Alikuwa ameliona pezi ndani ya pipa. Alilitoa, akalikausha kwa shati lake, akapitisha kidole gumba kwenye mpindo, taratibu, kama anavyokagua kola. Lake nilikuwa nimelifungua kwenye ubao ili nilinganishe shina, lilikuwa pale mezani. Alilichukua pia. Akayaweka bega kwa bega, kama aiwekavyo mikono miwili ya shati moja.

"Hili umelilaza."

"Ndiyo, baba. Maji yamebadilika."

Hilo lilikuwa kweli, na nilitumaini litatosha. Alitikisa kichwa kukubali. Kisha macho yake yakashuka kwenye pipa, kwenye ule uzi wa mwani, yakabaki hapo.

Nje nilisikia sauti ya mama anarudi na gundi yake, anamtania kinyozi, anamuuliza kama ile nusu nyingine ya mteja imeshaota. Baba akasogea karibu yangu. Mimi bintiye huniita mama pale tu anaponihitaji sana.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "niambie kabla hajaingia. Ni langu lililomwangusha?"

Kandambili za mama zilikuwa zimefika kizingitini. Baba alisimama na mapezi yote mawili, amenikazia macho, anasubiri, na mimi nilikuwa na msasa mkononi na unga mweupe mpaka kwenye kope.