Kicheko cha Salehe Kwenye Kopo

Usiku wa jana niliota nimechorwa. Nina vidole vinne kila mkono, kitenge changu hakikunjiki hata nikikaa, na nyumba yetu ya kwenye runinga inapaa kuelekea sayari ya Zohali.

Kwa asiyenijua, mimi ndiye niliyekuwa Mama Chausiku katika kile kichekesho cha familia cha kila Ijumaa. Mume wangu humo alikuwa Salehe Shekuwe. Alipofariki mwaka jana mkewe wa kweli alikaa eda, na mimi nikakaa uani na majirani kumenya vitunguu. Nililia sana. Watu wakadhani ni vitunguu.

Sasa wenye kipindi wamekigeuza katuni ya anga za juu. Mjukuu wangu anaipenda. Mimi siiwezi, kwa sababu Salehe wamemchora vizuri kabisa, kisha wakampa sauti ya mtu mwingine.

Basi ndotoni Salehe yuko mezani, kavaa kofia ya kioo, anakula chapati bila kuivua.

"Mama Chausiku, chai haina sukari," anasema kwa ile sauti ya watu.

Kopo la maziwa ya unga lililo juu ya kabati linacheka. Humu kila mtu akimaliza kusema, kopo lazima licheke.

"Baba Chausiku, nataka kukaa eda yako," namwambia.

Kopo linacheka.

"Eda ya nani, na mimi nipo? Katuni hafi, mke wangu. Nikigongwa na kimondo najikunjua, naendelea na chai."

"Basi nikoholee kidogo tu."

Salehe alikuwa na kikohozi chake kabla ya kucheka, kifupi, kama mtu anayebisha hodi. Hicho ndicho ninachokitamani. Ningekisikia mara moja tu, ningetulia.

Anafungua mdomo, anajaribu, anaufumba.

"Siwezi. Nimechorewa midomo sita tu ya kubadilishana ninaposema, na wa kukohoa haumo."

Kopo linacheka mpaka kifuniko kinacheza.

Kochi letu la zamani, ambalo sasa ni kiti cha rubani, likanionea huruma. "Mama Chausiku, kwani umesahau? Tulipoanza hatukuwa na watazamaji wa kucheka. Mlijirekodi wenyewe mkicheka, na kicheko hicho ndicho wanachotumia mpaka leo. Marehemu yumo humo koponi."

Nikalishusha kopo, nikalipakata. Ndani ya nyumba mitambo ilikuwa inanguruma, na mimi tangu usichana, nikiwa na jambo la kusikiliza kwa makini, hutoka nje, barazani. Nikafungua mlango. Baraza letu la Tanga lilikuwapo, limening'inia gizani, nyota ziko chini yake. Nikakaa. Nikafungua kifuniko.

Vicheko vikatoka. Cha mpiga kamera, cha fundi wa taa, changu mimi wakati ule nina meno yote. Kila kimoja kilipanua mdomo kikaenda zake, kimya. Cha mwisho kilikuwa cha Salehe. Kikaweka mkono kifuani, kikainama, mabega yakashtuka mara moja. Nilijua ndicho kikohozi chenyewe. Sikusikia kitu.

"Karibu!" nikaita. Hata mwenyewe sikujisikia.

Kikazidi kuwa kidogo, kidogo, mpaka nikashindwa kukitenganisha na nyota.

Niliporudi ndani kochi lilikuwa linanisubiri. "Huko nje hakuna hewa, mama. Sauti ingepita wapi? Ungekifungulia jikoni."

Nikalitikisa kopo. Nikalipindua. Nikaingiza vidole vyangu vinne mpaka chini. Lilikuwa tupu, na nilijua hakuna mwingine wa kulaumiwa.

"Mama Chausiku, chai haina sukari," akasema yule mtu mezani.

Safari hii hakuna aliyecheka.

Nimeamka mto umelowa. Nikajiambia ndoto ni ndoto, nikanawa uso, nikaenda sebuleni. Mjukuu wangu Mwanamkasi alikuwa ameshawasha runinga. Nyumba inapaa. Baba Chausiku, na kofia yake ya kioo, anaomba sukari, kisha anatulia kidogo kama mtu aliyeachiwa nafasi. Anaomba tena. Anatulia tena.

"Bibi," Mwanamkasi akaniuliza bila kugeuka, "mbona leo hakuna anayecheka?"