Macho ya Nanyokie

Jumanne asubuhi Anneth, mtafiti kutoka chuo kimoja cha Tengeru, alimpaka ng'ombe wa Namnyaki macho mawili matakoni, moja kila upande wa mkia. Alitumia rangi nyeupe na nyeusi, sifongo, na kipande cha boksi alichokitoboa umbo la jicho. Ng'ombe aliitwa Nanyokie, yaani mwekundu. Alitulia akitafuna majani ya mgomba.

"Chui huwinda kwa kunyatia," Anneth alieleza. "Akijua ameonekana, anaona ya nini kujisumbua, anaondoka. Botswana walijaribu kwa simba, na simba wakaacha."

"Kumbe ana haya," alisema Namnyaki.

Namnyaki alikuwa mjane, akiishi magharibi ya Mlima Meru, jirani na msitu. Chui alishamla ndama wake mmoja, lakini kilichomnyima usingizi hasa ni maharage. Yalikuwa kwenye maua, na maua ya maharage hayana subira na kiu. Zamu yake ya mfereji ilikuwa kila Alhamisi, na Alhamisi mbili mfululizo maji hayakufika. Lemomo, mwenyekiti wa mfereji na mdogo wa marehemu mumewe, alimwambia mlima umekauka.

Alhamisi ya tatu alisimama shambani na jembe tangu alfajiri hadi adhuhuri. Maji hayakuja. Jioni, alipokuwa akimkamua Nanyokie, jicho la kushoto lilipepesa. Alidhani ni nzi, akasogeza kigoda atazame. Ndani ya mboni alikuwamo Lemomo, mdogo kama punje ya harage lakini kamili, na kofia yake ya kijani. Alikuwa pale maji yanapogawanywa, mahali Nanyokie alipopita asubuhi akienda malishoni. Aliuteremsha ubao wa kufungia maji ya Namnyaki, akaushindilia udongo, na maji yote yakageukia nyanya zake. Jicho la kulia lilionyesha hayohayo, ila kutoka upande wa pili.

Namnyaki alimaliza kukamua, akachuja maziwa, ndipo akaenda kuwaambia wanakamati wa mfereji.

Jumamosi kamati ilikaa. Nanyokie aliletwa, akageuzwa, watu wakapanga foleni nyuma yake. Mzee Parsimei alivaa miwani. Naserian, naye wa kamati, alisema picha ni safi kuliko ya simu yake. Zamu ya Lemomo ilipofika, naye aliinama akatazama.

"Ni mimi," alisema. "Hata kofia ndiyo hii."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Kwa desturi ya mfereji ule, mwizi wa maji hutoa kondoo dume, na kondoo hupelekwa kwa mwenyekiti, akachinjwe huko. Mzee Parsimei alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema mwenyekiti akimpeleka kondoo kwa mwenyekiti, kondoo hatakuwa amekwenda popote. Wengine waliafiki. Hakuna aliyetaja kubadili mwenyekiti.

"Lakini mmeona," alisema Namnyaki.

"Tumeona, mwenzangu," Naserian alijibu kwa upole, macho yake chini. "Hata kabla ya rangi tulikuwa tunaona. Wote tunapita pale."

Neno hilo lilimuuma Namnyaki kuliko maharage yenyewe. Alimshika Nanyokie kamba, wakarudi nyumbani.

Tangu siku ile watu huja kwake jioni, wakichungulia machoni mwa Nanyokie walikopotelea mbuzi au mapanga yao. Namnyaki huwapa kigoda. Lemomo naye alikuja kutafuta kofia. Aliiona imenasa kwenye michongoma, akamshukuru sana shemeji yake.

Mwisho wa mwezi Anneth alirudi na fomu.

"Shikamoo mama. Chui alirudi?"

"Marahaba. Alikuja mara moja. Nyayo zimefika pale kwenye mti wa mringaringa. Alitazamwa, akageuza."

Anneth alifurahi, akaandika. Ilikuwa Alhamisi. Nanyokie alikuwa amefungwa kamba, mkia ukielekea mfereji, macho wazi. Mbele yao lilikuwa shamba la maharage, mashina makavu yasiyo na hata ganda moja, na Anneth alilitazama kidogo kabla ya kurudi kwenye fomu. Lilibaki swali la mwisho.

"Kuna mwindaji mwingine aliyeonekana akaacha?"

Namnyaki alifikiri, maana alitaka kumjibu binti huyu kwa haki.

"Hapana," alisema. "Ni chui tu."