Kichwa cha Mtoto wa Praha

Majira ya baridi yaliyopita ng'ombe wetu walinuna kuliko mimi. Nyasi za sileji, zile za kuvundikwa ndani ya nailoni ziwe lishe ya baridi, tulizifunga marobota zikiwa mbichi mno, na huku Leitrim, Ayalandi, mvua haibishi hodi. Kufika Januari, ukipasua nailoni maji yanachuruzika, harufu kama soksi za marehemu mume wangu. Ng'ombe wananusa, wananitazama, wanageuka.

Mwanangu Colman akasema, "Mama, sileji ikioza tena mwaka huu, nauza wote ishirini na wanne, namfuata Declan Australia."

Declan ni kaka yake. Aliaga anakwenda mwaka mmoja. Sasa ni wa tisa.

Kwa hiyo siku Colman alipokwenda kuchagua mashine ya kunyaushia nyasi, nilipanda gari bila kualikwa.

Kwa McGoldrick, muuza mashine, zilikuwepo mbili. Moja kubwa, nyekundu, inakata nyasi na kuziponda papo hapo ili maji yatoke upesi. Ya pili nyembamba, miguu kama buibui. Hiyo haikati kitu. Inapita juu ya nyasi zilizokwisha kukatwa na kuzitawanya, zipate jua na upepo.

"Hii ndiyo mashine ya mwanaume," McGoldrick akasema, akiipiga ubavuni ile nyekundu.

"Na trekta ya mwanaume anayo?" nikauliza.

"Mama!"

"Nauliza tu. Ile yetu ni rika lako, na magoti yake mabaya kama yangu."

"Mwache kijana aijaribu, Bi Attracta," McGoldrick akasema. "Kujaribu hakuui."

Ilibaki kidogo kuue. Jumanne Colman aliifunga nyuma ya trekta, akapanda nayo shamba la juu. Katikati ya mteremko magurudumu ya mbele yakaacha ardhi, trekta ikainuka kama mbwa anayeomba mfupa. Ikarudi chini taratibu, Mungu ni mwema. Colman akashuka uso mweupe, na sisi tayari ni weupe.

"Usiseme kitu."

"Sijasema."

"Unacheka."

"Ni meno ya bandia, yamekaa vibaya."

Angeweza kuning'iniza vyuma vizito mbele ya trekta isiinuke, lakini shamba letu ni tope tupu. Uzito ukizidi tunazama. Jumatano akarudisha ile nyekundu, akaleta buibui.

Alhamisi asubuhi alikata nyasi kwa mashine yetu ya zamani, kisha akaanza kuirekebisha ile buibui. Meno yake ya chuma akayashusha mpaka yakagusa ardhi, asiache hata jani.

"Yapandishe, mwanangu. Yakikwangua udongo yatauchanganya na nyasi, na udongo ndio unaoozesha sileji."

"Mama, wewe umeishia darasa la sita, na mashine hii imeundwa mwaka juzi."

Sawa. Alipoingia ndani kunywa chai, nikamtoa Mtoto wa Praha kabatini. Kila nyumba huku ina sanamu hiyo ya chokaa, ya Yesu akiwa mtoto. Ukitaka siku kavu, ya harusi au ya nyasi, unamweka nje chini ya ua wa miti. Na kichwa chake kikikatika chenyewe, hapo ndipo bahati inapozidi. Mimi sikumwacha uani. Nilimsogeza hatua kumi ndani ya shamba, nikamlaza chali kwenye kibonde, mahali ambapo meno yaliyopimwa sawasawa yangepita juu yake bila kumgusa.

Colman akamaliza chai, akawasha trekta. Mzunguko wa pili tu, kaa! Chokaa ikaruka, kichwa kikabiringika hadi miguuni pangu.

"Mama! Huyu alikuwa anafanya nini huku?"

"Ametembea. Watoto ndivyo walivyo."

Akainama kuokota kiwiliwili, na hapo ndipo alipoona nyasi alizokwisha kuzitawanya: zimejaa mabonge meusi ya udongo. Akachukua spana, akayapandisha meno vidole viwili.

Jua liliwaka siku hiyo na iliyofuata. Ijumaa alasiri akaja Malachy, mfunga marobota, akachota nyasi na kuzikamua ngumini. Halikudondoka hata tone. Kiganja kilibaki na unyevunyevu tu.

"Hizi zimenyauka kama zilivyotakiwa," akasema. "Nani kakufundisha, Colman?"

"Mtakatifu mmoja. Alikufa kazini."

Novemba tulipasua robota la kwanza. Harufu tamu, kama tumbaku mpya. Ng'ombe wakasukumana, mmoja akanikanyaga kidole, na sikumtukana. Colman aliegemea lango akiwatazama, kisha akatoa simu.

"Declan," akasema, "siji. Wewe ndiye urudi."

Sanamu iko kabatini, haina kichwa. Colman ameleta gundi mara mbili, nikaificha mara mbili. Kichwa kilitakiwa kikatike chenyewe, bila kusaidiwa, najua. Hilo nitaulizwa huko juu, na jibu ninalo: hatua kumi si mbali.