Kahawa ya Kwenye Kitangi

Jumapili baada ya ibada, mzee Sifaeli alikaa barazani kwake Lemara, akasonya, akakifungua kwa mara ya tatu kitangi cha sigara yake ya umeme. Chupa ya maji ya kutia humo iliandikwa ladha ya kahawa, lakini kila akivuta alionja pamba iliyoungua. Akaitoa ile pamba nyeusi, akakiosha kitangi, akapitisha pamba mpya katikati ya waya uliosokotwa, safari hii bila kuikaza, akaiacha inywe yale maji taratibu.

Akavuta. Haikuungua wala kuvuja. Mvuke mweupe ukapanda, ukaufunika Mlima Meru, naye akaliona shamba lao la kahawa la kule juu limechanua, matawi yote meupe, nyuki wakivuma, na ile harufu ya asubuhi. Akavuta tena akiifuata harufu. Haikuwepo.

"Bado kibovu," akanung'unika, akaichukua tena bisibisi.

Mkewe, Elifuraha, alikuwa akichambua mchele pembeni. Hakuinua uso.

"Kitangi ni kizima, baba Hans. Mibuni uliing'oa wewe mwenyewe, ukapanda nyanya."