Sinia la Yasuto

Saa sita mchana Tose alipakua uji wa shayiri na viazi vitamu, akamimina supu ya miso ya soya katika bakuli jeusi la mwanawe, akalifunika. Sinia aliliweka upande wa kusini wa chumba, kwa kuwa Yasuto alikuwa rubani wa ndege za kivita katika visiwa vya kusini, na mtu aliye mbali huandaliwa sinia nyumbani kwao asishinde njaa huko aliko. Yeye mwenyewe alikula baadaye, ukoko.

Kila mama katika kijiji cha Hirase alifanya hivyo. Chakula kikishakaa kidogo, walifunua bakuli wakatazama ndani ya kifuniko. Mvuke ukiwa umefanya matone, mtu wao yu hai. Kifuniko kikiwa kikavu, walikifuta hivyo hivyo, na kesho yake wakaandaa tena.

Msimu wa kupandikiza mpunga, wanajeshi wawili walimletea Tose sanduku jeupe la mbao, la majivu ya askari aliyekufa. Walisema Yasuto aliigonga ndege ya Mmarekani kwa ndege yake, huko juu, na wote wawili wakaangukia baharini. Tose alilitikisa sanduku. Ndani mlikuwa na kokoto. Aliwashukuru, akaliweka mahali pa kuombea wafu, na kwa kuwa saa sita ilikuwa inakaribia, akaenda kupika.

Siku hiyo kifuniko kilijaa matone kuliko siku zote, na juu ya paa ndege mbili zilikuwa zinapigana.

Moja ilikuwa na duara jekundu la Japani ubavuni, nyingine nyota nyeupe ya Marekani. Zilifukuzana juu ya mashamba, zikapanda mpaka zikawa kama nzi, zikashuka zikitema risasi. Maganda ya risasi yaliangukia vigae yakiwa bado ya moto, na Mitsue, jirani wa Tose, alileta ndoo kuyaokota, maana serikali ilikuwa inadai shaba. Supu ilipoanza kupoa ndege ziligongana, zikaungua, zikaanguka baharini. Kesho yake, Tose alipofunika bakuli, zilirudi.

Watu walizoea. Waliokuwa mashambani walisogea kupisha risasi, kisha wakarudi kwenye mistari yao. Mwenyekiti wa ujirani, Kuramoto, alimleta ofisa kutoka wilayani, naye akakinga jua kwa mkono, akatazama pambano lote, akasema kwamba rubani asiyehitaji mafuta ni msaada mkubwa kwa wakati huu. Tangu hapo mchele mweupe ulikuwa unaletwa kwa ajili ya sinia. Hirase walikuwa wamesahau harufu yake.

Rubani alikuwa anapiga ukelele kila mara kabla ya kugonga. Kuramoto aliwaeleza watu kuwa ule ni ukelele wa ushindi.

"Ananiita, bwana mwenyekiti," Tose alisema.

"Mama Yasuto, kwa kelele zote zile za injini?"

"Nimemlea mimi au umemlea wewe?"

Kuramoto alicheka kwa heshima, akaaga.

Kisha Tose akashikwa na homa, asiweze kuamka kupika. Saa sita ndege zilikuja kama kawaida, lakini hazikupigana. Zilizunguka taratibu, bawa kwa bawa, zikishuka chini zaidi kila mzunguko. Tose, amelala karibu na mlango uliokuwa wazi, alimwona Yasuto nyuma ya kioo. Kichwa kilikuwa kimelalia bega, kama alivyokuwa akisinzia mgongoni mwake zamani. Mmarekani alikuwa amefungua kioo chake na kuwasha sigara. Zote mbili zilielekea baharini bila haraka, injini zikizimika.

Wakati huo Mitsue aliingia mbio na sinia. Alikuwa ameona jiko la jirani halitoi moshi, akapika kwake. Aliliweka upande wa kusini na kufunika bakuli. Injini ziliwaka. Risasi zilianza upya, na baada ya muda mfupi Yasuto aliita, akaungua.

Tose alipopona alimwambia Mitsue kwamba hatapika tena. Mtoto amekufa, aachwe afe. Na huko kwao yule Mmarekani, alisema, lazima yuko mwanamke mwingine asiyejua kuacha kupika.

Mitsue aliendelea kuokota mawe katika shayiri. Mwanawe naye alikuwa kusini.

"Kifuniko cha wangu ni kikavu tangu msimu wa baridi," alisema. "Ningepewa nimwone anaanguka, hata hivyo tu, ningeshukuru. Wewe unapewa kila siku, unasusa."

Siku iliyofuata Tose hakuwasha moto. Saa sita ndege zilikuja na kupigana vilevile, na alipouliza aliambiwa kwamba sinia sasa liko kwa Kuramoto, na wanawake wa ujirani wanapika kwa zamu ili yeye apumzike.

Alivaa ndara akaenda. Mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyemzuia, kwa sababu ni mama wa rubani. Alipiga magoti mbele ya sinia, akafunua bakuli, akanywa supu yote. Akachukua vijiti akaanza kula wali, akiwaza kwamba mtoto asiposhiba hatakuwa na nguvu za kurudi. Ulikuwa wali mweupe, wa moto, na mwili wake, ambao kwa miezi ulikuwa haujaonja kitu kama hicho, uliupokea kwa furaha aliyoionea aibu. Hakuweza kula polepole.

Zamu ilikuwa ya Mitsue. Alitoka jikoni na sinia la pili, bakuli lake limefunikwa, akaliweka kando ya lile la kwanza, akanyoosha vijiti.

"Kula tu, mama Yasuto," alisema. "Cha kwake hiki hapa."

Juu, Yasuto aliita. Tose aliitika, mdomo umejaa wali.